Kuku Mweupe Bado Yuko Kwangu

Kamina, kazi tatu, ni kusema Jumatano. Jua limetukalia kichwani tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika upande wa Bukama, yanakuwa meusi kama sufuria ya makaa, halafu yanatawanyika bila kuacha tone. Kipwa, kiangazi chetu, hakitaki kwisha. Sijawahi kuitamani mvua namna hii, na si kwa ajili ya shamba.

Leo binti yangu Numbi amekuja. Hakuingia. Alisimama nje ya lupango, mkono juu ya uzio, kama mtu anayeomba maji kwa watu asiowajua.

Lupango alimozaliwa.

Nataka kulia, lakini niandike kwanza. Mwanangu wa Kolwezi njo alinifungulia ukurasa huu. Alisema, "Mamu, ulilie hapo, usinililie kila siku kwenye simu." Sawa. Ninyi mnaosoma mko mbali. Kama kati yenu kuna anayemjua Numbi, afunge kinywa chake.

Nianze na nyuki.

Mume wa Numbi ni mtu wa asali. Jina lake silitaji, ni mukwe wangu. Kwetu Baluba, mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hamli sahani moja, hampeani mkono, akija kwa njia hii wewe unapita ile. Heshima hiyo tunaiita buko. Tangu wamefunga ndoa tunasalimiana nikiwa nimegeuza uso. Na alikuwa mukwe mzuri, sitamsema vibaya. Akileta asali aliiweka kwenye kizingiti, akakohoa, akaenda zake. Nilijua kikohozi chake kuliko uso wake.

Mwezi uliopita alikuja kutoa asali kwenye mti wenye shimo, mwisho wa shamba langu la mihogo. Mchana! Mtu aliyekulia kwenye asali, anawasha kimoshi kama cha sigara, jua likiwa juu. Nilikuwa upande wa pili na jembe. Nikasema moyoni, kichwa ngumu huyu, nikaendelea kulima. Kumkaripia siwezi, ni mukwe.

Halafu nikasikia, "Mamu!"

Mukwe haiti hivyo.

Nilimkuta chini. Midomo imevimba kama ya mtu aliyepigwa ngumi, macho yamejifunga, mwili umetoka mabaka, na pumzi inapita kwa mluzi. Wala nyuki hawakuwa wengi. Wachache ndani ya shati, wachache ndani ya suruali. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa njo watu wananisingizia: alikuwa amevimba kabla sijamgusa.

Kisha nikamgusa. Nikamvua shati. Nikamvua suruali. Nikakwangua miiba ya nyuki kwa ukucha, nikamfunga kikwembe changu cha juu, nikabaki na cha ndani. Nikapiga kelele barabarani mpaka pikipiki ikasimama. Dereva mbele, mukwe katikati, minyi nyuma, kifua changu kwenye mgongo wake mtupu, mikono nimemzungushia asianguke. Tukapita hivyo mbele ya soko. Akina mama waliacha kuuza, wakashika vinywa.

Muganga wa kituo cha afya hakupoteza wakati. Alimchoma sindano kwenye paja, akamlaza, akaniambia niinue miguu yake na nisiiachilie.

"Ni nani yako huyu, Mamu?"

"Mukwe."

Akatazama chini. Yeye pia ni Muluba. Lakini hakuniambia niachilie miguu.

Pumzi ikarudi polepole. Akafungua macho. Akaona miguu yake iko mikononi mwa nani, na kikwembe cha nani kiko kiunoni mwake. Akageukia ukuta, akalia kama mtoto mdogo. Minyi nimezika mume, nimezika na watoto, lakini kilio kile bado kinanifuata mpaka jikoni.

Muganga alitukataza kuondoka, akasema uvimbe unaweza kurudi. Halafu akatuambia wote wawili: mwili wake sasa umekataa nyuki. Akiumwa tena, hata na mmoja, anaweza kufa kabla ya kufika kwenye sindano. Asali, basi.

Nilifikiri yamekwisha.

Jioni akafika shangazi yake mukwe, na jiwe jeusi mkononi, lile wanalobandika mahali pa kuumwa ati livute sumu. Mtu alikosa pumzi, wewe unamletea jiwe! Nilimwambia hivyo hivyo. Labda hapo njo alianza kunichukia.

"Nyuki banamuumaka tangu utoto," akasema, "hakuvimbaka hata siku moja. Siku weye ulimugusa, njo alivimba. Hii hapana nyuki. Hii ni buko."

"Alivimba mbele nimuguse!"

"Nani alikuwako?"

Nani alikuwako. Minyi, nyuki, na mtu aliyefunga macho. Yeye hakumbuki kitu.

Basi ukoo wao ukakaa, wakaniita. Nitoe kuku mweupe wa kumsafisha, na niseme mbele yao kwamba ni mikono yangu iliyomharibu. Akisafishwa, arudi kwa nyuki zake. Mjomba wake akanikazia macho: "Mpaka kuku itoke, hawezi kupanda muti ya asali. Akipanda, anakufwa. Na ni weye utakuwa umemuua."

Alitaka kunitisha. Mzee wa watu, hakujua amenipa nini.

Muganga mwenyewe alikwenda kwao kuwaeleza. Walimpa kiti, wakampikia bukari na samaki, wakamshukuru sana kwa sindano, wakamwambia mambo ya buko hayafundishwi shuleni. Mukwe naye anaamini, tena kwa moyo wote. Afadhali aamini ni mikono ya mama mkwe kuliko aamini kwamba nyuki, ambao ni kazi yake na kazi ya baba yake, wamemkataa. Nduguze wametengeneza ndoo za magome na mienge ya nyasi. Porini miti imechanua, asali imejaa. Wanangoja kuku tu.

Kuku ninaye. Mweupe, bila doa. Leo Numbi amemwona anakwangua udongo karibu na kinu.

"Mamu, kuku moja tu."

"Hapana."

"Si ni ule pale! Bajukuu yako banauliza kambo yao iko wapi, niwaambie nini?"

"Bwana yako iko muzima?"

"Muzima gani? Anakaa nyumbani kutwa, anasuka vikapo, banamucheka."

"Basi iko muzima."

Hapo akalia. "Weye, Mamu, kwa kiburi yako hata Mungu akikuomba kuku utamunyima! Bakia naye. Zeeka naye."

Akaenda. Mkanda wa kandambili yake umekatika, anavuta mguu, na hakutaka kusimama aitengeneze mbele yangu. Kiburi hicho alikitoa kwa nani? Kwangu.

Sikumwita.

Nikimwambia sababu, atawaambia. Wakijua, mjomba atatoa kuku wa kwake kesho hiyo hiyo, na keshokutwa mume wake atakuwa juu ya mti. Kwa hiyo nafunga mdomo. Waseme mimi ni mchoyo. Waseme mchawi, wamekwisha kusema. Afadhali Numbi anichukie akiwa na mume kuliko anipende akiwa mjane. Mjane nimeshakuwa, najua uzito wake, sitaki amrithi mama yake kwa hilo.

Lakini msifikiri ni rahisi. Siku ya yenga kanisani, mjukuu wangu Fidélie aliniona akainua mkono anisalimie. Numbi aliushusha ule mkono. Taratibu, hata bila ukali. Kama ungekuwa ukali ningekasirika, ningepata nguvu.

Asubuhi naamka, nasikiliza kizingiti. Hakuna anayekohoa.

Na mikono hii! Wakati mwingine naitazama kama ya mtu mwingine. Ilimwokoa mtoto wa watu, na njo hiyo iliyonifungia mlango wa binti yangu. Nilikuwa nifanye nini? Nisimame pembeni kwa heshima, nimwangalie akifa amevaa suruali yake?

Mvua kubwa ikishuka, maua yataanguka, na watu wa asali watarudi nyumbani. Siku hiyo nitambeba kuku, nitapiga magoti mbele ya yule mama wa jiwe, nitasema mikono yangu ni mibaya. Nitausema uongo huo kwa sauti, mpaka jirani asikie. Numbi ataingia tena hapa, atanipigia kelele, nitamkaripia kwa kandambili zake, tutakula.

Ila mwaka kesho miti itachanua tena.

Nimefikiri tangu Numbi aliponigeuzia mgongo, na njia ninayoiona ni moja. Itabidi nimguse tena mukwe wangu, buko imfunge tena chini ya mti mpaka nitoe kuku mwingine. Safari hii iwe sokoni, katikati ya watu, ili asiwepo wa kuuliza nani alikuwako.