Bata wa Ng'ambo ya Songwe

Guangzhou,
3 Septemba 2006

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Kyela? Mama kifua kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila siwezi kutulia. Nakaa, nasimama. Wiki hii nimekwenda Xintang mara tatu kukagua jinzi za mteja, na mara zote nimerudi nawaza bata.

Nilipokuomba kwenye simu twende tukawinde, ulinikatia maneno: "Mimi na bata basi. Ndio waliomuua Baba." Una haki ya kusema hivyo, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwepo. Ulimtoa majini akitetemeka, ukamfikisha hospitali, ukamzika. Mimi siku hiyo nilikuwa napakia kontena. Lakini daktari alisema mapafu yake yalikuwa mabovu toka zamani, Kaka. Wewe mwenyewe ulinisimulia.

Nimeshaongea na Mjomba Saidi, kule Karonga, ng'ambo ya Songwe alikokuwa akiwinda Baba. Bunduki itakuwa yake na kibali ataomba yeye, kwa hiyo ile ya Baba irudishe polisi kama ulivyosema, sina ubishi. Hatukodi kampuni wala mtu wa kutuongoza. Baada ya Idd tunavuka Kasumulu kwa miguu, tunagongewa pasi mpakani, tunalala kwa Mjomba siku mbili. Yeye anapiga, wewe unakimbia na kisu kumwahi bata kabla hajakata roho. Mimi kazi ile siiwezi. Unakumbuka yule wa kwanza nilivyomchinja nimefumba macho? Baba akaniuliza, "Wewe unachinja au unaomba dua?"

Nimenunua na bata wa plastiki, wa kuelea na kuwavuta wenzao washuke. Mwenye duka alinicheka, "Rafiki, hii hapana kula!" Nikamwambia, "Najua, laoban, bei gani?" maana mabosi wote huku tunawaita hivyo. Hauzi chini ya katoni. Nikabeba katoni nzima bila kuifungua, mimi ninayelipwa kufungua katoni za watu! Chumbani nikakuta vichwa vyote vya kijani, bata wa huku, na wetu wana nyuso nyeupe. Ikabidi ninunue rangi niwapake mmoja mmoja, nikawaanika dirishani. Mama mwenye nyumba alinifokea kwa Kichina mpaka akachoka, kisha akashuka, akarudi na brashi nzuri kuliko yangu.

Kaka, mimi matanga sikukaa. Nilisoma Yasini peke yangu, kesho yake nikarudi kazini, na wateja wakanipa pole huku wakiniuliza mzigo umefika wapi. Tangu hapo ndiyo kutangatanga huku. Naona nikikaa kwenye matete asubuhi, kimya, pale alipokuwa akisimama, nitaelewa kwamba hayupo. Na pale alipokuwa akisimama Mjomba hapajui. Unapajua wewe. Bila wewe siendi. Ukikataa sitakununia, nitakuja nyumbani tu kama mgeni mwingine wa pole. Ila usinijibu upesi.

Mpe Mama salamu zangu, na shemeji, aliyelala hospitali na Baba usiku ule wa mwisho, mwambie sijasahau. Msalimie na mwalimu wa madrasa aliyemwosha.

Ijumaa ukienda kaburini, unitaje na mimi. Bado sijapaona.

Mdogo wako,
Idrisa