Kinu karibu na mashine

Jumanne jioni, Mururu

Na yule fundi wa mashine naye! Ati, "Maman, usitwange majani ya sombe hapa, kinu yako inaharibu mistari ya mashine." Shamba ni langu!

Mashine wataalamu waliizika humu shambani isikie matetemeko ya ardhi ya mbali. Mawimbi yanapita ndani kabisa ya dunia, kwenye mawe ya moto, ndiyo wanajua kule chini kukoje. Mistari inayochorwa na mashine inasomwa na mjukuu wangu Solange, Ubelgiji. Miaka mitatu sijamshika mkono.

Jumapili alipiga simu akicheka: "Koko, jana saa kumi ulitwanga, nilikuona kwenye mistari!"

Kinu nimekihamisha, kazi ya mtoto isiharibike. Lakini sasa ataniona wapi?

Kabla ya kuingia ndani nimekanyaga pale juu ya mashine mara tatu, kwa nguvu. Solange, ni mimi.