Noah Yetu ya Naivasha

Shafi. Safari Rally ya wikendi hii tumeikosa. Ken ametuuza.

Nimetoka saa hii kwa matanga ya Baba Hope, hapa Gatwekera. Nilienda tu kuwapa pole. Pasta akauliza nani ako na gari ya kupeleka mwili Siaya Ijumaa. Ken akasimama. KEN! Mtu tulikuwa twende na yeye, na hana hata baiskeli! Akasema, "Ramzy atatoa Noah yake. Hata viti za nyuma ashatoa."

Ashatoa ndio tulale ndani kule Naivasha kwa rally! Mimi na wewe tumefungua hizo viti na mikono yetu!

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaropoka, "Na rally je?" Shafi, hema yote iligeuka. Mama Hope aliniangalia tu. Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa skia hii.

Nikamvuta Ken kando, mbona unatoa gari yangu bila kuniuliza? Anacheka! "Pole buda, mimi nishapata nafasi kwa gari ya maboyz wa Kawangware 46. Nitawatumia video."

Video. Ati atatutumia VIDEO.

Nikarudi kwa hema nikasimama. Nikawaambia gari nimetoa na roho safi, na kwa vile Ken ndiye alijitolea, ataketi nyuma na jeneza mpaka Siaya, na atakesha na familia mpaka tuzike.

Makofi ilikuwa kubwa kushinda ya kwanza. Mama Hope amemshika mkono akilia, anamuita mwanangu.

Sasa aende Naivasha nione.