Kijivu Kitupu

Kaka yangu wa mbali,

Sisi tunapumua. Cherehani yangu imegoma tena, na paka amezaa juu ya koti uliloliacha.

Uliuliza habari za maonyesho ya mdogo wetu. Picha zote ni kijivu kitupu, ukuta hadi ukuta. Watu walibishana mpaka jasho likawatoka. Mmoja anaona ukungu, mwingine anasema huo ni uvivu. Mdogo wetu akawajibu, "Msinitafutie mambo. Hakuna kitu chini. Ni rangi tu." Nikacheka, mjinga mimi, nikidhani amepata nafuu.

Juzi akabeba ndoo ya rangi ileile, akaingia chumba cha marehemu mwanawe, akapaka ukuta mzima. Ukuta uleule ambapo mkewe alikuwa akimsimamisha mtoto kila siku ya kuzaliwa, akichora mstari wa penseli juu ya kichwa chake.

Nilimkuta wifi amepiga magoti, anakwangua kwa kijiko. Mdogo wetu amesimama nyuma yake, brashi mkononi, anamwambia taratibu, "Hakuna kitu chini. Ni rangi tu."

Njoo, Kaka. Nimeshika kijiko cha pili, lakini ukuta ni mkubwa.

Dada yako