Hoteli Isiyouza Chai

Jumatatu, 3 Novemba
Vidonge vinne. Uji nusu bakuli. Pazia limefunguliwa.

Sijawahi kuingia ndani ya ile nyumba. Kitabu kilichonipa jina, na kazi ya kufundisha hapa Washington, kinaeleza jumba la kale katika mji mdogo wa Ufaransa, chumba kwa chumba. Mimi nililiona kwa nje tu. Zaidi ya miaka arobaini, sijamwambia mtu. Marehemu mke wangu alizoea kusema nina kifua, siri haitoki.

Jumapili binti yangu Neema anazindua tafsiri ya Kiswahili, ukumbini Temple Hills. Amemwalika Mama Odile. Tangu nisikie hivyo chakula hakipiti.

Jumatano, 5 Novemba
Kwa daktari. Kutoka nyumbani, Germantown, saa nzima, magari yamesimama. Figo zimechoka. Moyo umechoka. Mapafu, amesema, ni ya kijana. Neema alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Novemba
Nieleze sawasawa. Nilikuwa mwanafunzi, nimeshuka kwenye treni, nina njaa. Nikaona lango la mawe lenye kibao: Hôtel. Kwetu Tanga hoteli ni chai na maandazi. Nikazunguka nyuma, nikamkuta mwanamke mweusi anafagia. Nikaomba chai kwa Kifaransa cha darasani. Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Nikanung'unika kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi: "Papa, hapa hoteli ni nyumba ya batajiri. Chai habauzishe."

Huyo ndiye Odile. Alikuwa akisafisha jumba lote peke yake. Alinikaribisha ndani. Sikuingia. Sababu nimeiandika mara tatu na kuikata.

Kwa siku saba, akimaliza kazi, alikaa nami kwenye benchi ng'ambo ya barabara, akanisimulia. Mfanyabiashara wa nguo alilijenga. Jaji akaongeza ngazi kubwa. Wakati wa mapinduzi likawa ghala la ngano, kisha shule ya masista, kisha nyumba ya mjane aliyemwajiri. Kila aliyekuja aliongeza kitu, hakuna aliyebomoa. Nimesoma habari za majumba mengi. Sijui jingine lililopendwa hivyo, na watu tofauti hivyo, kwa muda mrefu hivyo.

Lakini macho yalikuwa ya Odile. Mvua ikinyesha, sebule bado inanuka ngano. Chini ya kishikio cha ngazi, fundi alichonga konokono mdogo kama ukucha. Humwoni ila ukipiga magoti. Wasomaji walimpenda konokono huyo. Hakuna aliyeuliza profesa alipiga magoti lini.

Kitabu niliandika kwa Kiingereza. Odile hasomi Kiingereza. Tulipokutana tena huku, msibani, kaja kuishi kwa mwanawe, alinikumbatia kama ndugu. Hajui kilichomo. Jumapili atayasikia maneno yake mwenyewe, na jina langu juu yake.

Jumamosi, 8 Novemba
Hofu. Nilimwomba Neema aahirishe.
"Daddy, watu wameshaloweka mchele."
Basi.

Jumapili, 9 Novemba
Ukumbi ulijaa. Neema alisoma ukurasa wa konokono. Mama Odile, mstari wa mbele, kitenge cha njano. Alianza kwa kutabasamu. Kisha midomo ikawa inacheza. Alikuwa akimtangulia Neema, neno kwa neno, kwa sauti ndogo. Watu wakageuka kumtazama.

Nikainuka na fimbo yangu. Nikasema sikuingia. Aliyeingia ni huyu. Nilichukua maneno yake na sikumtaja.

Neema alitazama sakafu. Mzee Rajabu, ambaye hucheza bao nami, akasema, "Kumbe Profesa, miaka yote umetutembeza nje ya ukuta." Wakacheka. Nilistahili.

Mama Odile akasimama. Nikangoja hukumu.

"Musimucheke. Papa huyu alikuwa na kifua. Vumbi ya ile nyumba ingemuua. Alinielezea mwenyewe. Siku ya saba nikaamuka mapema, nikamwaga maji ngazi yote, juu mpaka chini, vumbi iishe, aingie. Akaogopa tu. Mutu mugonjwa, mutamulaumu nini?"

Wakampigia makofi. Neema akachukua kalamu, akaandika jina la Odile kwenye jalada la kila nakala, moja moja, juu ya langu. Mama Odile aliishika ya kwanza kifuani na hakuiweka chini hata wakati wa kula. Nilipiga makofi pia. Pilau sikuigusa.

Jumanne, 11 Novemba
Sikukuu. Barabara tupu. Mti wa jirani umemaliza majani.

Neema amerudi kunisemesha. Ameleta uji, akakaa mpaka nikamaliza.

Mama Odile alipiga simu. Kusalimia tu, alisema. Na kuuliza kifua kinaendeleaje na baridi hii.

Niliifikiria ile ngazi. Ndoo kwa ndoo, kabla ya kazi, kwa magoti yaleyale.

Nikamwambia. Sikuwa na kifua, Odile. Nilikuwa msomi, na mlango ulionifungulia ulikuwa wa jikoni, wa watumishi.