Kuta Mbichi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Ufa: vidole viwili. Jana viwili. Nimepanda mlimani kuupima asubuhi kabla ya kwenda kufundisha chekechea. Upepo umepindua mwavuli, udongo umenivua kiatu kimoja. Vigingi vyangu viko palepale, kimoja juu ya ufa, kingine chini yake.

Mlima huu uko juu ya boma la Mama. Nyumba sita ziko chini yake, ya Mama ndiyo ya kwanza. Kaburi la Baba liko hapohapo uani. Mimi niliolewa ng'ambo ya kijito, palipoinuka, na kutoka mlangoni naona moshi wa jiko lake. Redio inaitaja El Nino kila saa, kama mgeni wa serikali. Huku Kabras hatukuhitaji redio. Miwa imelala, matrekta yamekwama wiki ya pili.

Naogopa. Basi.

Jumanne, 4 Novemba

Mkutano kwa naibu wa chifu. Tunaitwa kamati ya maafa. Mimi karani, kwa sababu ya mwandiko tu. Tumekubaliana rimu ya trela itundikwe kwenye mkaratusi wa kanisa. Ikigongwa, kila boma la chini livuke kwenda kwenye boma lake la juu.

Orodha ya nani aende kwa nani nimeiandika mwenyewe, safi, kwa rula. Mzee Shiundu kwa Felista, yule mjane jirani yetu. Mama kwangu. Angeenda kwa nani mwingine?

Nilimsomea Baba Edwin jioni. Mume wangu si mtu wa maneno. Alijikuna kidevu, akaenda kufunga ng'ombe. Nikachukulia amekubali.

Jumamosi, 8 Novemba

Ufa: vidole vitatu.

Mazoezi leo. Rimu ikagongwa, watu wakavuka na magodoro na kuku, wakicheka kama wanaenda harusini. Mama alivuka vizuri. Alifika kwenye mparachichi wa langoni kwetu, akaketi juu ya furushi lake. Hakutoka hapo. Naibu wa chifu anatazama, kamati nzima inatazama.

"Rodha, mimi siwezi lala chini ya bati ya mkwe," akasema. "Hiyo hata wewe unajua."

Najua. Nani asiyejua? Mama hajawahi kumpa Baba Edwin mkono. Hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Lakini nilidhani mlima ukikaribia kuanguka mambo hayo huwekwa kando. Kwanza sisi ni watu wa kanisa.

Felista akaniambia kando, polepole, tubadilishane: Mama aende kwake, Mzee Shiundu aje kwangu. Nikakataa. Nikasema orodha imeshapelekwa, orodha ni orodha. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Karani ashindwe na mama yake mzazi mbele ya watu? Nilinuna mpaka jioni.

Jumapili, 9 Novemba

Vidole vitatu na nusu.

Baba Edwin amesema. Kwa mara ya kwanza tangu orodha. Kwamba nimemdhalilisha Mama na yeye pia. Kwamba hata akihama kwenda kulala kwa ndugu yake, bati litabaki lake. "Ungeniuliza tu," akasema. Ilinichoma, kwa kuwa kweli sikumuuliza.

Atamjengea Mama kibanda chake, pembeni ya uzio, mlango ukitazama upande mwingine. Naona nafuu. Naona na wivu kidogo, banda langu la kuku nimelidai miaka miwili.

Jumatano, 12 Novemba

Vidole vinne.

Nguzo zimesimama. Fito zimefungwa. Bati ameling'oa kwenye banda la ng'ombe, ng'ombe sasa wananyeshewa na wananitazama mimi. Tumekandika leo, mimi na Felista, magoti ndani ya matope. Udongo haushiki. Unapaka, unateleza, unapaka tena. Jua hakuna. Bila siku nne za jua kuta hizi hazikauki, mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Mama ametuma salamu kwa mkwe. Anashukuru sana. Atakuja kibanda kikikauka.

Alhamisi, 13 Novemba

Vidole vitano. Siupendi mlima huu.

Jumamosi, 15 Novemba

Shubiri nzima. Kigingi cha chini kimelala. Nikashuka hadi chemchemi ya akina Mama, maji yanatoka na udongo, rangi ya chai ya maziwa mengi. Sikumngoja naibu wa chifu. Nilikimbia hadi kanisani nikagonga rimu mpaka mkono ukafa ganzi.

Wote wamevuka kabla ya saa sita. Hakuna aliyecheka.

Mama yuko kibandani. Kuta zinatiririka maji kwa ndani. Nimetandika mifuko ya mbolea, juu yake godoro, juu yake blanketi langu la harusi. Makaa kwenye karai. Moshi hautoki, baridi haitoki. Nimempelekea obusuma, ugali wetu, na kunde, nimetundika kanga mlangoni ili asionekane akila.

Baba Edwin amehamia kwa ndugu yake. Kabla ya kwenda alisimama nyuma ya uzio, mvua inampiga, ameupa mgongo mlango wa kibanda. Akasema kwa sauti: "Mama, ingieni nyumba kubwa. Mimi naenda." Mama akamjibu kutoka ndani, "Asante, baba. Mahali umenipa panatosha." Walikuwa hatua kumi. Nilitaka kuwapiga wote wawili.

Jumapili, 16 Novemba

Mlima bado uko. Wanaume wanataka kurudi kulisha ng'ombe. Nimewakatalia kwa ukali, naibu wa chifu ameniunga mkono.

Mama anakohoa.

Nimemeza kiburi. Nimekwenda kwa Felista kuomba ule mpango wake. Akanikubalia kabla sijamaliza sentensi. Nafasi iko karibu na jiko, pakavu kabisa. Nikarudi mbio kumwambia Mama. Amekataa.

"Mkwe amenijengea nyumba. Amevua ng'ombe bati. Sasa niende lala kwa Felista, watu watasemanga nini juu ya yeye?"

Nimemwambia watasema ana mama mkwe aliye hai. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wiki moja iliyopita angekwenda kwa Felista bila neno. Mimi ndiye niliyekataa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuliandika.

Jumatatu, 17 Novemba

Umeanguka. Saa nne asubuhi. Nilikuwa uani nikichuja uji. Sauti haikuwa kubwa, ilikuwa ndefu. Migomba ilitembea ikiwa imesimama. Kisha nyumba ya Mama haikuwepo, wala mwarobaini wake wa uani, wala kaburi la Baba. Nyumba nne zimefunikwa, mbili zimesimama.

Mama alikuwa mlangoni pa kibanda. Aliona yote. Alisema tu, "Baba yenu amezikwa mara mbili."

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekwaruzwa.

Jumanne, 18 Novemba

Afisa amefika kutoka Kakamega na buti za mpira. Amepiga picha rimu. Ameomba orodha yangu, akaisifu, akasema ni mfano kwa wilaya nzima. Kwenye fomu yake, mahali pa waliokufa, ameandika sifuri. Nimeiona kwa macho yangu. Nilisikia fahari. Naona haya kuiandika, lakini niliisikia.

Mama hajala. Mwili wa moto, miguu ya baridi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimonia. Muuguzi amekuja kwa miguu. Ametoa vidonge na sindano, amesema mtoeni hapa sasa hivi. Hospitali haifikiki, daraja limekwenda. Nikamwambia Baba Edwin tumbebe tumwingize nyumbani, tusiulize mtu. Akakubali. Akalia, mtu mzima. Tulipomshika Mama alifungua macho akaona ni nani aliyeshika miguu yake, akaanza kujivuta kuelekea ukutani. Baba Edwin akamwachia. Akatoka. Nikaenda kumwita Felista tumbebe sisi wawili.

Tulimwingiza ndani. Hakujua tena yuko wapi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama amefariki alfajiri.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumezika.

Siku tatu wazee wa ukoo wa Baba walibishana. Boma lake liko chini ya udongo ambao bado unatembea. Kwangu hawezi kuzikwa, kwa mkwe, hilo halikutajwa hata. Mwisho wakachimba ukingoni mwa matope, kwenye shamba la shemeji yake Mama, karibu na pale walipokisia kaburi la Baba lilipo. Walikisia kwa kunyoosha vidole. Kila mmoja alinyoosha kwake.

Baba Edwin alisimama mbali kabisa, ng'ambo ya kijito, kofia mkononi. Hakuvuka.

Naibu wa chifu alitoa hotuba. Alisema kamati iliokoa kila mtu. Fomu haijabadilishwa, nilimuuliza. Mama hayumo. Hakufa kwa mlima.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku ya tano ya jua. Nimefua mablanketi yote. Ng'ombe wamechafua uani, bado hawana bati.

Nilimwambia Baba Edwin alirudishe. Amesema litakaa hapo kwanza. Ametengeneza mlango wa kibanda, mbao nzuri, na komeo la ndani. Sikumuuliza wa nini.

Jioni niliingia kufagia. Nimeweka kiganja ukutani, upande aliokuwa akilala. Umekauka.