Posa ya Rayya na Daktari wa Mafuvu

Alkhamis, baada ya magharibi. Joto la leo halina adabu, ukuta wa jikoni unatoka jasho kama mtu.

Haya, leo mmekumbuka njia? Toka Ramadhani imekwisha hamjapita hapa ukurasani kwangu hata kwa salamu. Mnangoja nife ndo mje kusoma? Kaeni kitako, na mnivumilie, maana leo sina la kuchekesha. Mie nnasema, simu inaandika. Skuli sikuiona hata mlango wake.

Wameivunja posa ya Rayya.

Wasiomjua, Rayya ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe hapa mtaani kwetu Ansab tangu mama yake alipofariki. Anasoma sheria. Babake ni mwanangu Khalfan, na Khalfan yuko jela. Aligombana na mtu kwa mambo ya gari, katika njia ya mlimani ya kwenda Al Amerat, akamtia ngumi, yule mtu akapoteza jicho. Sisemi mwanangu hana kosa. Analo. Jicho la mtu halirudi.

Wiki iliyopita walikuja wanawake kutoka mtaa wa Ghubra na posa ya kijana wao, kumtazama Rayya. Watu wazuri, Waswahili wenzetu wa huku kwa Waarabu. Nikapika, nikafukiza udi, halafu nikaufungua mdomo wangu huu. Nikamsifu mtoto kama tunavyosifu sote: "Huyu kamchukua babake mtupu! Macho, mikono, mpaka mwendo. Khalfan huyu, kavaa buibui!" Wakacheka, na mie nikaona nimesema tamu.

Khabari ya jela nilikuwa nikiitafutia wakati wake. Wao hawakungoja. Wakaulizia, kama watu wanavyouliza kabla ya ndoa, wakaambiwa.

Leo mchana mama yake kijana akapiga simu. Simu yangu mie siiweki sikioni, masikio mazito, naiweka mezani isikike nyumba nzima. Na Rayya yuko pale pale, anachambua mchele.

"Bi Zuwena, wallahi msichana tumempenda. Lakini wewe mwenyewe umesema kamchukua babake mtupu. Mie nnataka wajukuu, mamangu, sitaki watu wa kutoana macho. Damu haioshwi."

"Muogope Mungu! Mtoto huyu hajaua hata mende. Akimuona hupiga kelele mpaka nije mie na kandambili."

"Mwana wa nyoka nyoka, Bi Zuwena."

Nikamkatia. Nilikuwa na tusi zuri tu, limekaa tayari, lakini lilinikwama. Msemo ule hata mie nnautumia.

Rayya akamaliza mchele wake, akauosha, akaupika. Hakulia. Bora angalilia.

Sasa sikilizeni. Jumapili ana mtihani. Mazoea yake akisoma ni kunieleza mie kwa Kiswahili, anasema bibi akifahamu ndo na yeye kafahamu. Somo la leo, subhanallah, utadhani kalichagua shetani.

Kasema zamani huko Ulaya kulikuwa na mabwana wakipapasa vichwa vya watu. Kinundu hapa, huyu mwizi; kinundu pale, huyu mtu wa huruma. Baadae akaja daktari mmoja wa Kitaliana, akalifungua fuvu la jambazi aliyekufa, akaona ndani upande wa kisogoni kuna kishimo kama cha wanyama. Basi akasema kaipata siri: kuna wahalifu wanazaliwa hivo hivo, watu waliorudi nyuma kwenye unyama wa kale. Akashika vipimo vyake akaingia magerezani, anapima mataya, anapima masikio, anapima urefu wa mikono. Tena hakuwa mjinga, anasema Rayya. Alitaka elimu ya kuona na kupima, si ya kukisia.

Akaja daktari mwengine, Muingereza huyu, akawapima wafungwa na watu wasiokuwa wafungwa, ile sura ya mhalifu asiione. Lakini neno lilikuwa limeshatembea. Waliokuja nyuma wakalibeba, zikafika nchi nyengine kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, ili damu yao isiendelee.

Hapo nikamwambia funga kitabu.

Hakufunga. Alikuja akakaa chini mbele yangu kama alivyokuwa akikaa nikimsuka, akanipa kisogo.

"Nipapase, bibi. Nnacho hicho kishimo?"

Nikampapasa. Nywele nzito, na kichwa kile kile nilichokuwa nikikikanda kwa mafuta alipokuwa mchanga. "Huna kitu. Labda chawa."

"Hakishikiki, bibi. Kiko ndani."

"Ndo uzuri wake huo, mwanangu. Hakionekani mpaka ufe."

Akacheka. Katikati ya kicheko kilio kikaja, mabega yakawa yanamtikisika mikononi mwangu. Halafu akauliza, bila ya kugeuka: "Kwa nini uliwaambia mimi ni baba?"

Nikamwambia kweli. Kwa sababu nnampenda babako. Kwa sababu nikikuona wewe namuona yeye kabla hajanyanyua mkono ule.

Nilipokwisha kusema nikajisikia vibaya. Yule mama kamtazama mtoto akaona jela. Mie kila siku namtazama, nnamuona Khalfan. Na Rayya mwenyewe yuko wapi?

Jumamosi tulikuwa twende sote kumtembelea babake. Kasema haendi. "Nikae mbele yake, watu watutazame wote wawili watulinganishe? Siwezi, bibi." Sikumlazimisha. Ntakwenda peke yangu, na Khalfan ataniuliza posa imefika wapi, maana nilimpa khabari yake nikamtia furaha mie mwenyewe kwa mdomo huu huu. Ataniuliza na Rayya mbona hayupo. Sijui ntaanza na lipi. La kumdanganya sina, na la kweli litamuua.

Chakula kimepoa, hakuna aliyekula.

Nyie jamaa zangu mnaonisoma kimya kimya, safari ijayo mkija nyumbani, atakayewafungulia mlango ni Rayya. Asinisimamie mtu pale kizingitini akaanza "mashallah, babake mtupu". Mwiteni kwa jina lake. Muulizeni mtihani ulikwendaje, halafu mkae msikilize mpaka amalize.